Mama Angélique Kyungu, Fundi Wetu wa Urefu wa Mvuto

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 2019, Mama Angélique Kyungu anavua aproni na kustaafu, baada ya kuitumikia karakana yetu ya pinde hapa Troyeville kwa miaka kumi na minane. Wenzake tumekubaliana ukurasa wake katika ratiba ya leo uandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha aliyotufundishia kazi, na ndiyo lugha aliyotugombezea.

Mama Angélique ni mzaliwa wa Likasi, Katanga. Ushonaji alifundishwa na masista wa huko, na alipofika Johannesburg alikodi pembe ya duka la watu kule Yeoville, akawa anashona magauni ya harusi na sare za kwaya. Siku moja mwenye karakana yetu, ambaye sote tunamwita Oom Kobus, yaani Mjomba Kobus kwa Kiafrikana, alimpelekea mfuko wa mishale wa ngozi uliofumuka mshono. Mama akaushona ukawa imara kuliko ulivyotoka kiwandani, kisha akamwambia mteja wake kwamba mkanda ulikuwa mrefu mno kwa mgongo wa binadamu. Oom Kobus, ambaye hapendi kuambiwa jambo, aliondoka amenuna. Baada ya wiki akarudi na mifuko mingine sita. Mwaka 2001 ulipofika nusu, Mama alikuwa na meza yake hapa.

Alianza na mifuko na vikinga mkono. Kutoka hapo akajifunza kusokota na kufunga kamba za pinde, kazi inayotaka vidole visivyo na haraka. Fundi wa vipimo alipohamia Cape Town, Oom Kobus alitafuta mrithi kwa muda, halafu akaacha kutafuta. Mrithi alikuwa ameketi mezani akikata uzi kwa meno.

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kushika upinde wa kapi: ni upinde wa kisasa wa kuwindia, wenye kigurudumu kila ncha. Unapouvuta unakuwa mzito, halafu ghafla unalegea na kamba inagota, hairudi nyuma zaidi. Pale inapogota ndipo kwenye urefu wa mvuto, na ni lazima palingane na mwili wa anayevuta. Upinde ukiwa mrefu kuliko mtu, ataegemea nyuma, kiwiko kitakakamaa, na kamba itamchapa mkono. Ukiwa mfupi, atajikunja kama anayeingia banda la kuku. Kwa vyovyote vile mshale umeshaharibika kabla haujatoka.

Njia ya kuanzia ni nyepesi. Mteja anasimama ukutani, ananyoosha mikono pembeni, anapimwa kutoka ncha ya kidole kirefu mpaka ncha ya mwenzake, na inchi zinazopatikana zinagawanywa kwa mbili na nusu. Hapo ndipo wanaume wengi huanza kujivuta. Mwadini, mfanyabiashara mwenye spaza, duka dogo la mtaani, huko Diepsloot, alifikia hatua ya kusimama kwa vidole vya miguu, sijui kwa kudhani mikono nayo itarefuka. Mama alishusha tepu.

“Baba, mi napima mikono,” akamwambia. “Heshima sipimi.”

Mwadini alicheka hadi ikabidi apimwe upya.

Mama alikuwa akitukumbusha kwamba hesabu ile ni hodi tu, bado hujaingia ndani. Baadaye mteja huvuta upinde huku yeye akimtazama kwa ubavuni: kamba iguse ncha ya pua na pembe ya mdomo bila kichwa kuifuata, bega la mbele lishuke, kiwiko kilegee kidogo. Akiona kasoro hubadilisha kipande kwenye kapi, akaongeza au akapunguza nusu inchi, na kutazama tena.

Tukio tunalotaka likumbukwe zaidi ni la mwaka 2016, na Mama mwenyewe ameruhusu liandikwe.

Mwezi wa Februari, katikati ya joto, alikuja Papa Placide Ilunga, mtu wa Kalemie, msimamizi wa walinzi katika jengo moja la ofisi mjini. Alitaka upinde wake wa kwanza. Mama alimpima akiwa na fulana, hesabu ikatoa inchi ishirini na tisa, akavuta, kamba ikakaa vizuri usoni. Kwa miezi kadhaa Placide alifanya mazoezi kila Jumamosi, na mishale yake ilikuwa ikijibana kwenye shabaha kama ndizi kwenye chane. Julai akaenda kuwinda kwenye shamba la wanyama karibu na Vaalwater. Alikuwa ameahidi nyama kwa ubatizo wa binti yake.

Jumatatu iliyofuata aliingia dukani na kuulaza upinde juu ya kaunta. Mimi, Saida, ndiye niliyekuwa mbele yake. Hakunisalimu.

“Mama Angélique yuko wapi?”

Mama alitoka nyuma akijifuta mikono. Placide akamweleza. Alfajiri ya baridi ya Julai, barafu ikiwa kama jivu juu ya nyasi, swala pala alisimama karibu kabisa, ubavu wote wazi. Alivuta, akalenga, akaachia. Mshale ukaenda pembeni, ukampiga mnyama tumboni. Yeye na mwongozaji wa shamba waliifuata damu tangu jua lichomoze hadi lilipoanza kuinama. Walipomkuta alikuwa bado hai, amelala chini ya kichaka akiwatazama. Mwongozaji ndiye aliyemmaliza.

“Ile nyama sikuila,” Placide akasema. “Watu walikula, mimi nikashindwa. Sasa mama, unielezee. Ni mimi nilikosa, ao ni upinde?”

Oom Kobus, aliyekuwa akisikiliza, akamwambia kwamba mkono ulitetemeka tu, jambo linalompata kila mwindaji siku ya kwanza. Alisema kwa wema. Mama akamwomba Placide apige mishale michache kwenye uwanja wetu wa ndani. Alipiga akiwa na shati lake tu, na yote ikaenda ilikotumwa. Oom Kobus akainua mikono kuonyesha kwamba maneno yamekwisha.

Placide aliutazama upinde wake. “Basi muuuze,” akasema. “Mimi sitapiga tena.” Akatoka kwenda kutafuta teksi.

Mama alikiuma kidole gumba, kisha akatoka mbio na aproni yake. Hatukuwahi kumwona akikimbia. Alimpata Placide kwenye robot, taa za barabarani, akamshika mkono wa shati.

“Kesho urudi na nguo zote ulizovaa kule pori. Zote, hata chaussettes za miguuni.”

“Za nini, mama?”

“Sijajua. Ndiyo maana nataka nizione.”

Alirudi. Nadhani alirudi kwa sababu ni vigumu kumkatalia mwanamke aliyekukimbilia barabarani. Alivaa kila kitu mbele yetu: fulana nzito, sweta, koti nene lenye harufu ya moshi wa kuni, skafu iliyozungushwa mpaka kidevuni, glavu. Kisha akavuta upinde.

Hata mimi niliona. Skafu ilikuwa imeusukuma uso wake nyuma, na ili akutane na kamba ilibidi ainue kidevu. Koti lilibana bega, kiwiko kikakakamaa. Mkono wa koti ulijaa hewa mpaka kwenye njia ya kamba. Alipoachia, tulisikia kamba ikikwaruza kitambaa, na mshale ukaenda kushoto, nje kabisa ya duara.

Mama alizunguka, akasimama mbele ya Placide.

“Nilikupima wewe wa Februari,” akamwambia. “Aliyeenda kuwinda ni wewe wa Julai. Huyo sikumpima. Papa, hukukosa wewe. Nilikosa mimi, na unisamehe.”

Oom Kobus alimvuta kando na kumwuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ndogo kama alivyodhani, kama anajua maneno hayo yakienea yatalifanya nini duka. Mama alijibu kwamba anajua, na kwamba swala yule naye angekuwa na mdomo angekuwa ameshayaeneza. Kisha akarudi mezani, akaufungua upinde, akapunguza nusu inchi, akamfanya Placide avute, akapunguza nusu nyingine. Kwenye koti lile lile, mishale ilirudi mahali pamoja. Mkono wa koti aliukunja na kuushona palepale, Placide akiwa ndani yake.

Lakini Placide alikuwa hajapona hofu, na hilo halipimwi kwa tepu. Alisema hataenda pori tena, labda Mama aende naye. Nadhani alidhani hilo litamaliza mjadala. Agosti, Mama Angélique Kyungu, ambaye tangu aje nchi hii hakuwa ametoka Johannesburg ila kwa mikutano ya kanisa, alipanda gari kwenda Vaalwater na buti za kuazima kutoka kwangu.

Kwa maelezo yao wote wawili, asubuhi ya kwanza alitokea swala dume. Placide alivuta. Mnyama akageuka, akawapa mgongo, ambako mshale hujeruhi tu. Placide alikaa na upinde umevutwa, mikono imetulia, kisha akaurudisha taratibu bila kuachia. Mama anasema hapo ndipo alipojua kazi imekwisha, hata kama wangerudi mikono mitupu. Hawakurudi mikono mitupu. Jioni swala mwingine alisimama sawasawa, na alipopigwa alikimbia hatua chache tu akaanguka wakimwona. Placide alipiga magoti akasali. Safari hii alikula.

Mama aliporudi hakusimulia mengi. Alisema, “Nilikuwa napima bila kujua napimia nini. Sasa nimeona.” Tangu wakati huo hakuna mtu anayetoka hapa na upinde wa kuwindia kabla hajavuta akiwa na nguo atakazowindia, na wateja wanaokuja Januari na makoti mabegani wanachekwa sana njiani. Oom Kobus aliogopa bure: Placide alituletea nusu ya walinzi wa Yeoville.

Hatuna nafasi ya kueleza yote. Tabia, mama wa Kizanzibari mwenye umbo dogo, alikuja akijikunja na upinde mfupi aliouziwa kwengine kwa kutazamwa urefu tu. Mama alimnyoosha mikono, akakuta ni mirefu kama ya mchezaji wa mpira wa kikapu, akamwongezea inchi mbili, na mwaka jana Tabia alirudi na kombe la klabu yake. Mimi na mwenzangu Yasini, ambao sasa tunaachiwa meza ya vipimo, ametufundisha kunyamaza mteja anapovuta. Hilo limekuwa gumu zaidi kwangu.

Mama anarudi Likasi, kwa dada yake Célestine. Anasema dole gumba linamuuma asubuhi, na kwamba wajukuu wake wa hapa Bertrams wanamjibu kwa isiZulu anapowaita kula, kwa hiyo ni afadhali wamfuate likizo wakajifunze Kiswahili.

Jumatano iliyopita, tulipokuwa tukifunga, Oom Kobus alikwenda kusimama kwenye ukuta wa kupimia. Amepiga upinde tangu ujana, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumshauri juu ya wake. Alisema bega halimpi usingizi. Kisha akanyoosha mikono. Mama alimpima bila utani wowote, akamtazama akivuta, akamtazama tena, akapunguza inchi nzima. Oom Kobus alipiga mshale mmoja, akakaa na upinde mkononi.

“Eish, Mama,” akasema. “Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?”

“Ulikuwa hujaniomba,” Mama akajibu.

Mama Angélique, kwa kila kamba uliyosokota, kila kiwiko ulichokilegeza, na kila mara uliposema kweli ilipokuwa rahisi kunyamaza, tunakushukuru. Safari iwe njema, Likasi ikupokee kwa vigelegele, dole gumba lipone, na siku zako za kupumzika ziwe ndefu, zikutoshe.

Saida, kaunta ya mbele, kwa niaba ya wafanyakazi wote