Mfungo Nilioutangaza Dhidi Yangu Mwenyewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe pia na ninyi mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango, kwa maana ninajua kwa nini mtu huchagua kukaa hapo. Nimesimama mbele yenu hapa Kitale kutimiza ahadi. Nilimwahidi mzee mmoja, mpishi wa chuo nilichosomea ualimu upande wa Bungoma, kwamba Mungu akinitoa nilikokuwa, nitalisema jambo hili kanisani kwa sauti. Alinishika mkono akasema, "Utasema yote, si ile ya kufurahisha mapasta peke yake." Nikakubali. Basi nivumilieni.

Nilikuwa katibu wa muungano wa wanafunzi Wakristo. Jumapili nilivaa tai, nikaandika kumbukumbu za mikutano kwa mwandiko mzuri, nikawafundisha wenzangu usafi wa moyo. Kisha nikapelekwa Naitiri kwa mazoezi ya kufundisha, na huko nikapendana na mwanamke wa rika langu aliyekuwa na duka la nguo. Simlaumu. Tulikuwa wawili, watu wazima, na kati yetu mimi ndiye niliyejua kuhubiri. Niliporudi chuoni nikasikia kwamba amekonda na amelazwa. Hakuna aliyeutaja ugonjwa wenyewe. Mnajua jinsi tunavyoshusha sauti tunapoufikia.

Tangu siku hiyo usingizi ulinitoka. Nilitazama ubao darasani nisione neno. Niliwaza kufa, ndugu zangu, tena niliwaza kwa utulivu, kama mtu anayepanga safari ya kwenda Webuye. Nami nilikuwa katibu!

Muungano wetu ulikuwa na sanduku la maswali. Kila muhula, kabla mhubiri mgeni hajafika, wanafunzi walitumbukiza humo karatasi zisizo na majina, naye mgeni akazijibu mbele ya wote. Ufunguo ulikaa kwangu. Siku moja nikachukua karatasi, nikaandika kwa mkono wa kushoto: "Mtu aliyeokoka akiogopa kwamba ana virusi, na moyo wake umechoka kuishi, aende wapi kwanza?" Nikaitumbukiza katika sanduku nililolilinda mwenyewe.

Sasa sikieni kilichofuata! Jumamosi, mwalimu aliyekuwa mlezi wetu aliketi pamoja nami na viongozi wengine wawili kuchambua maswali, kwa kuwa ilikuwa desturi yetu kuyatoa yale ya aibu ili mgeni asituone vibaya. Maswali ya zaka yalibaki. Ya mavazi yalibaki. La msichana aliyeuliza kuhusu maumivu ya hedhi likachanwa. Kisha mlezi akalifikia langu, akalisoma kwa sauti.

"Ati moyo umechoka!" akasema kiongozi mmoja. "Na hivyo virusi alivipata wapi, kwa kesha?"

Wakacheka. Nami nikacheka. Nilicheka kuwashinda!

Mlezi hakucheka. "Kuna uchafu katikati yetu," alisema. "Tutafunga siku tatu, Mungu amfichue mwenye karatasi hii. Katibu, andika tangazo."

Nikaliandika. Kwa mkono wa kulia.

Ndugu zangu, litafakarini jambo hilo. Ukumbi mzima ulikaa na njaa siku tatu, si ili mgonjwa apone, bali ili ajulikane! Hakuna hata mmoja aliyesema, "Jamani, huyu ameuliza aende wapi. Si tumwambie aende wapi?" Hospitali ilikuwa mwendo mfupi tu kwa baiskeli. Na hao walikuwa watu wanaoandaliwa kuwafundisha watoto wenu! Tuliweza kuchora ua na kuzitaja sehemu zake zote, lakini mwili wa binadamu hatukuruhusiwa kuutaja ila kwa kuukemea. Huzuni tuliiita pepo siku za ibada, na uvivu siku za masomo. Hasira hii ninayo mpaka leo, wala siiombei radhi. Sehemu yake kubwa inanirudia mimi, niliyesimama mbele siku zote tatu nikiongoza maombi ya kufichuliwa kwangu.

Mungu hakunifichua kwao. Alinifichua kwa mpishi.

Siku ya nne, wenzangu walipokuwa wakila kwa furaha, mimi nilirudisha sahani dirishani kama nilivyoipokea. Mpishi yule tulimwita Kuka, ndiyo babu kwa lugha ya kwetu Bokoli. Aliitazama sahani, akanitazama.

"Sekretari, mfungo si iliisha jana? Wewe bado unafungia nani?"

"Sina njaa, Kuka."

"Wacha mchezo, bana. Mtu hana njaa anaacha ugali. Wewe umeacha mpaka nyama."

Nikaanza kulia pale pale, na foleni ikiwa nyuma yangu. Akanivuta stoo, akanikalisha juu ya gunia la maharagwe, nami nikamwambia yote. Hakuuliza na nani. Hakuuliza mara ngapi. Alivua kofia yake, akaishika mkononi.

"Kitinda mimba wangu alinyamaza hivyo hivyo," alisema. "Mimi nikamwambia ajikaze. Akajikaza mpaka tukamzika."

Kisha akaivaa tena. "Kesho ni ofu yangu, sipiki. Tunaenda Kitale. Bungoma kila mtu anajua hii kofia."

Tukaja huku. Muuguzi aliyetupokea, kabla ya kunitoboa kidole, aliniuliza kama ninalala, kama ninakula, kama nimewahi kufikiri kujidhuru. Aliyauliza hayo kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. Nilipojibu, alisema, "Hofu yako ni jambo moja na huzuni yako ni jambo lingine. Yote mawili yana matibabu, na hakuna hata moja linalokuzuia kuomba." Miaka yote ya wokovu wangu sikuwahi kuyasikia maneno hayo! Nilirudi kwake wiki baada ya wiki, na siku ya kwanza, na tena siku ya mwisho, Kuka alikuwa nje kwenye benchi, kofia gotini, akiniombea. Kisha nikaenda Naitiri kumwona yule mwanamke, jambo nililopaswa kulifanya kwanza. Nilimkuta ameanza dawa na amefungua duka.

Naona baadhi yenu mmeinama mbele, mnangoja majibu ya damu yangu. Sitawapa! Mnayataka ya nini? Yangekuwa mabaya, je, Mungu angekuwa hajaniokoa? Nimetolewa katika kifo nilichokuwa nimekipanga kwa utulivu. Nimetolewa katika kile kicheko nilichocheka na wenzangu. Huo ndio ukombozi wangu, na hauandikwi kwenye karatasi ya maabara.

Ninamshukuru Mungu aliyelisikia swali langu ilhali watu wake walikuwa wakimsaka mwandishi. Mtumainini, vijana. Mtumainini hata mkiwa kwenye benchi la hospitali, kwa kuwa huko nako nilimkuta akinisubiri.

Vijana wa kanisa hili wameweka sanduku la maswali pale mlangoni, nanyi wazee wetu mtalifungua baada ya ibada. Ninawaomba jambo moja tu. Msilinganishe miandiko. Mkikuta swali, lijibuni.