Pazia la Gereji

Usinigunie, Elihuruma. Unaguna kabla sijafungua kinywa, na unalolibeza hukuliona, maana Jumamosi ile, dada yako Elinaja alipokuwa anafinyanga, wewe ulikuwa umeingiza kichwa kwenye kisanduku cha swichi. Sikilizeni wanangu, nyote wawili. Moyo wangu umechoka, Elinaja ni nesi, anajua, na udongo uwahi ungali maji.

Nyumba hii ya Burnsville, huku ugenini, aliyoiacha baba yenu ni yenu sawasawa, na shamba la kwetu Usangi halina ugomvi. Ugomvi ni gereji hii. Mmetundika pazia katikati kama wake wenza: huku Elinaja na gurudumu lake la umeme na tanuri la vyungu, kule Elihuruma na kwaya na kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Mko nyumba moja, salamu mnatumiana kwa simu. Vyungu vyako, Elinaja, vinapasuka kwa sababu unatia vidude masikioni, hujui wapi pa kuachia, unaukondesha udongo mpaka unaona aibu. Na waimbaji wako, Elihuruma, wanakimbizwa na mashine kama watu waliochelewa basi, hakuna anayevuta pumzi na mwenzake.

Jumamosi mkawasha vyote pamoja na hita, umeme ukakatika, mkalaumiana kupitia pazia. Wewe ukaenda kwenye swichi. Mimi nikalivuta pazia, nikamwambia Elinaja, chungu hicho usikiache, wewe ndiye ukizunguke kwa miguu, kinyumenyume, kama bibi yako alivyokuwa akizunguka, nami nikaimba wimbo wa wafinyanzi, wa Kipare. Kwetu wimbo ndio kipimo: ubeti ukianza mkono unapanda na udongo, ubeti ukiisha mkono unaachia, hata kama kidole bado kina hamu. Kwaya wakawa wanatazama mikono ile. Ikipanda wanapanda, ikiachia wanapumua, wote pamoja, bila mtu wa kuwapungia fimbo. Nkirote, yule Mkenya wa sauti ya pili, akaniambia, "Shosho, hii imeweza." Shosho kwao ni bibi; imeweza nini sikujua, ila alikuwa amefumba macho. Umeme uliporudi, wewe Elihuruma ukalirudisha pazia lako. Chungu kimetoka tanurini jana, kizima. Kigonge usikie kinavyolia, kisha uniambie ni bahati.

Basi neno langu ni hili. Kipande cha kibuyu cha kulainishia, nilichorithi kwa mama, nampa Elihuruma, asiyejua kufinyanga hata kijiko. Wimbo, beti zote, nimemwachia Elinaja, mwenye sauti inayokwaruza kama mlango wa kabati. Msicheke. Mfinyanzi akitaka kulainisha chungu atakiomba kibuyu kwa kaka yake, na mwenye kwaya akitaka wimbo ataufuata mikononi mwa dada yake. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wa kale, nami nimelia gaeni maisha yangu yote. Ninyi leteni chungu mezani. Irene mwanao, Elinaja, mkisema naye atawajibu Kizungu. Mwacheni ajibu, mradi akiimba aimbe Kipare.

Ngojeni. Nipumue.

Mnizike hapa hapa, msinisafirishe; udongo ni udongo, hata huu unaoganda. Juu yangu wekeni chungu kile, si maua ya plastiki. Mungu awape mikono isiyo na haraka... na vifua vipana. Nilitaka kusema mpendane, lakini hilo halisemwi, linakuja. Pumueni pamoja kwanza. Baraka za baba yenu, na zangu... ziwe humu ndani.

Usinishike, Elihuruma, miguu bado ninayo. Pazia naondoka nalo, nitajifunika miguuni, baridi ya huku haina adabu. Mlango naufunga mwenyewe. Nitasimama kidogo upande wa pili, na nisisikie maneno. Nisikie ubeti wa kwanza.

Haya. Naufunga.