Fomu ya Swali la Nne

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Hobert Slone. Mkuu wa Chuo chetu cha Laurel Gap, Daktari Garland Whisman. Ndugu wajumbe wa Bodi mliokaa meza ya mbele kwenye viti vyenye mito. Mchungaji, ambaye ameomba dua fupi kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Walimu, wafanyakazi wenzangu, wanafunzi wa leo na wa zamani. Na nyinyi akina mama wa jikoni mliopika maharage na mkate wa mahindi kwa watu mia mbili bila kumuuliza mtu kama ana njaa: habari za jioni.

Naitwa Oleta Brashear. Najua mnanijua, lakini wapo wanaonijua kwa jina la "yule mama wa dirishani", nao wana haki ya kusikia jina kamili. Miaka thelathini na mitatu nimekaa nyuma ya dirisha la Ofisi ya Misaada ya Masomo. Leo ni siku yangu ya mwisho, na Daktari Whisman amenisifu hapa mpaka nikageuka kuangalia kama kuna mwingine nyuma yangu. Amesema kwamba mwaka ule wa ugonjwa, wakati chuo kimefungwa na dunia imejifunika barakoa, Oleta Brashear aliwaokoa wanafunzi wetu kwa fedha za dharura.

Daktari, nakushukuru. Lakini mgala muue na haki yake mpe, na mimi haki yangu si hiyo. Mwaka ule, kabla sijawa mtu aliyefungua mlango, nilikuwa mtu aliyeufunga. Na kwa kuwa kesho saa tatu asubuhi Bodi itapiga kura kuamua kama Mfuko mpya wa Dharura uwe na fomu ya kuomba msaada au usiwe nayo, nimeona sifa hizi nisiondoke nazo nyumbani. Mniwie radhi. Keki itasubiri.

Mwaka ule serikali ilituma fedha vyuoni, ikasema sehemu yake iende moja kwa moja mikononi mwa wanafunzi ambao ugonjwa umewavurugia maisha. Namna ya kugawa, tukaachiwa wenyewe. Daktari Whisman akanipigia simu: "Oleta, tengeneza utaratibu." Naam! Kumwambia Oleta Brashear atengeneze utaratibu ni kumwambia paka alinde maziwa. Nilikaa mezani kwangu jikoni, nikatengeneza fomu ya kurasa tatu. Na katika ukurasa wa pili nikaweka swali la nne. Nalikumbuka neno kwa neno, maana nililiandika nikiwa najivuna: "Eleza shida yako kwa maneno yasiyopungua mia moja, na uambatanishe ushahidi."

Hakuna aliyenituma kuliweka. Sheria haikulidai. Nililiweka kwa sababu niliogopa wakaguzi kuliko nilivyowaonea watu huruma.

Tuliwaandikia wanafunzi mia tisa. Mnajua fomu zilizorudi? Thelathini na moja. Nikawalaumu. Nikamwambia mume wangu, "Watu wetu wamelala, fedha zinawapita." Mimi, mtoto wa milima hii hii! Mimi ambaye marehemu mama yangu alipopewa jibini ya msaada wa serikali aliibeba ndani ya kapu la nguo chafu ili majirani wasiione! Nani kati yenu hajalelewa hivyo? Sisi ni watu wa kufa na tai shingoni. Ukimwuliza mtu wa huku hali yake, nyumba ikiwa inaungua nyuma yake, atakwambia, "Hatujambo, wapo walio na hali mbaya zaidi." Na ndivyo walivyojibu hata wale thelathini na moja. Mmoja aliandika, "Wapeni wenye watoto wachanga." Mwingine, mwenye watoto wachanga, aliandika, "Wapeni wazee." Mmoja alitaka dola kumi na nane za tairi iliyotumika, akaahidi kuja kufyeka nyasi za chuo.

Sasa nitawaambia habari ya mwanafunzi mmoja. Nimemwomba ruhusa, naye akanijibu, "Sema, Mama Oleta, ila usinifanye maskini." Yuko pale nyuma, amevaa sare ya kazi kwa sababu zamu yake inaanza saa mbili usiku. Darlis Napier, usiiname. Nimekwisha kukuona.

Wakati ule Darlis alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikuwa dereva wa basi la shule, na jioni akisomea tiba ya upumuaji. Alichagua somo hilo kwa sababu mumewe, Estill, aliacha mapafu yake mgodini, na Darlis alichoka kukaa hospitali akiangalia watu wenye mashine bila kuelewa wanachofanya. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Shule zikafungwa, saa zake za kazi zikakatwa. Masomo yakahamia kwenye mtandao, na bondeni kwao mtandao haufiki hata kwa maombi. Ikabidi kila jioni aende na gari hadi uwanja wa kuegesha magari wa maktaba, ashike mtandao wa maktaba akiwa amekaa kwenye usukani, daftari juu ya goti. Halafu betri ya gari ikafa.

Siku moja ikanijia barua. Mstari mmoja: "Naomba mnifute kwenye orodha ya wanafunzi. Asanteni kwa wema wenu. D. Napier."

Nikachukua fomu yangu, nikavaa barakoa niliyoshona kwa kipande cha mfarishi, nikaenda kwao. Nikakaa kwenye ngazi za kibaraza, yeye akakaa mlangoni, katikati yetu hatua tatu kama tulivyoamriwa. Ndani nikisikia mashine ya Estill ikivuta na kutoa.

Nikamwambia, "Darlis mwanangu, fedha zipo. Jaza hapa tu."

Akaisoma. Akajaza jina. Akajaza anwani. Alipofika swali la nne akaandika neno moja, akanirudishia. Aliandika, "Sina."

"Huna nini?"

"Shida."

"Darlis! Gari limekufa, kazi imekatwa, unaacha shule, halafu huna shida?"

"Mama Oleta, nina mume, nina paa, nina viazi vya kutosha. Fulani wa bonde la pili mtoto wake analala kwenye gari. Mpeni huyo."

Estill akapaza sauti kutoka ndani, kwa pumzi yake ya kukopa: "Mwambie ukweli, mke wangu! Mwambie umeuza cherehani!"

"Na wewe nyamaza uvute hewa yako!"

Nikakasirika. Niliinuka pale kwenye ngazi, nikamwambia maneno ambayo leo yananichoma. Nilisema, "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jeuri yako hii ndiyo itakayokutoa chuoni."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliinua ile karatasi, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Hii nikishaijaza, nani anaisoma?"

"Mimi. Na kamati."

"Kamati ina nani?"

Nikawataja. Wa tatu alikuwa mwanamke anayekaa naye benchi moja kanisani.

Akaniuliza, "Wewe ungeijaza, Mama Oleta?"

Ndugu zangu, niliitazama ile karatasi. Nilikumbuka mwaka ambao mume wangu aliachishwa kazi mgodini, tukala maharage miezi minne, na kila Jumapili nikiulizwa hali nilisema hatujambo. Ningeandika maneno mia moja juu ya miezi ile, kisha yakasomwe na kamati? Nisingeandika hata kumi. Nilijua hivyo kabla sijaiandika fomu, nikaiandika hata hivyo. Mficha uchi hazai, sawa. Lakini wewe unayemwambia mtu avue nguo, mfungie mlango kwanza! Mimi nilimwita avue katikati ya soko.

Nikaichukua karatasi yangu, nikarudi kwenye gari. Nililia mpaka barakoa ikanata usoni.

Kesho yake nilimpigia Daktari Whisman, na hapa sasa namsifu yeye, kwa kuwa hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nikamwambia, "Daktari, orodha ya wanaostahili tunayo. Hali zao tulishazijua tangu walipoomba msaada wa ada. Kwa nini tunawauliza tena?" Akasema, "Wagawie wote sawa, Oleta. Mkaguzi akija, nitakaa naye mimi." Mwanaume ni huyo. Mpigieni makofi, anaona haya lakini mpigieni tu.

Basi tukatuma hundi. Wote waliostahili, kiasi kilekile, pamoja na barua ya mistari mitatu: hii ni yako, kwa sababu wewe ni mwanafunzi wetu, haina deni, tuonane muhula ujao. Siku ya nne simu yangu ikalia.

"Mama Oleta, hii hundi ya nani?"

"Imeandikwa jina gani?"

"Langu."

"Basi umeshajijibu."

"Na ile fomu?"

"Nimewashia jiko."

Akashusha sauti: "Nani amenisema?"

"Hakuna aliyekusema, Darlis. Wamepata wote."

"Wote wote?"

"Wote. Mpaka mpwa wa Mchungaji, yule wa gari jekundu."

Akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kitamu namna ile. "Aa, kama na yule kapata, mimi nani nikatae!"

Mchungaji, samahani. Lakini mpwa wako naye alikuwa anastahili, na hakuna aliyewahi kujua kwa nini. Ndiyo uzuri wake.

Wapo walioniambia, na mmoja wenu amenikumbusha wiki hii, kwamba bila fomu wapo watakaodanganya. Sitawaficha. Mmoja alinunua bunduki ya kuwindia kulungu, nami nikachukia. Baadaye nikaambiwa nyumbani kwao watu saba walikula yule kulungu majira yote ya baridi. Mwingine alinunua televisheni, na huyo sina la kumtetea. Lakini hesabu ninayoijua mimi ni hii: fomu yangu iliwapata watu thelathini na moja katika mia tisa. Hao wengine mia nane na kitu hawakuwa wadanganyifu. Walikuwa mama zenu na kaka zenu.

Na shukrani zao? Mkono mtupu haulambwi, na watu wetu wanaamini hivyo kuliko Maandiko. Wiki mbili dirisha langu lilijaa mitungi: jemu ya tufaha, maharage ya kukaushwa, matango ya siki. Kanuni zinakataza mfanyakazi kupokea zawadi, kwa hiyo nilizipokea kwa niaba ya chuo, na chuo kikazila pamoja na mkate.

Darlis alinunua betri. Alirudi uwanja wa maktaba, akasoma mle garini kiangazi na kipupwe, blanketi magotini. Mwezi wa tano uliofuata alihitimu. Yaliyobaki wayaeleze waliolazwa hospitali ya kaunti jirani, alikoajiriwa Darlis, majira ya baridi yaliyofuata, maana wapo humu, nami naona baadhi yenu mmeshageuka kumtazama. Estill naye yupo, pumzi yake anayo, na amekwishalalamika mara mbili kuwa kipande chake cha keki kitakuwa kidogo.

Waheshimiwa wajumbe wa Bodi. Sitawaambia mpige kura vipi. Mimi kuanzia kesho ni mwanamke wa kulima nyanya. Lakini nawaomba mnifanyie jambo moja la mwisho. Inueni sahani zenu. Ndiyo, sasa hivi. Chini ya kila sahani kuna karatasi na kalamu. Ni ile fomu, ukurasa wa pili peke yake. Kila mmoja wenu akumbuke mwezi mbaya kuliko yote maishani mwake. Usiniambie hujawahi kuwa nao. Nimeishi na nyinyi miaka yote hii. Ajibu swali la nne. Akimaliza, ampe jirani yake wa kushoto atusomee sisi sote kwa sauti.

Nawasubiri. Nina jioni nzima.

Mbona kalamu hazitembei? Mama Faye, umeiweka chini. Bwana Lonzo, unaangalia dari, na darini hakuna jibu.

Bwana Hobert... Bwana Hobert ameandika. Sikutegemea. Ameandika mistari kadhaa, na sasa anaikunja. Anaitia mfukoni.

Iache humo humo, Bwana Mwenyekiti. Hakuna mtu ndani ya ukumbi huu atakayekuuliza umeandika nini. Na kesho saa tatu, nakuomba, na wewe usimuulize mtu.

Kwa kunipa dirisha miaka thelathini na mitatu, na masikio yenu jioni hii, nawashukuru nyote. Mungu awabariki. Sasa mkatieni Estill keki, kipande kikubwa.