Mzee Hilal, Manowari na Beseni la Bi Mastura

Baada ya miaka ishirini na tisa katika kampuni yetu ya mizigo hapa Tanga, Mzee Hilal Abdulla alistaafu rasmi tarehe 30 Juni 1995. Alianza kama mpakizi, akapanda hadi mkuu wa stoo, na mikononi mwake haukupotea msumari hata mmoja. Kilichopotea ni beseni, na halikuwa la kampuni.

Wafanyakazi wapya huuliza zile manowari za plastiki zinatafuta nini juu ya rafu ya misumari. Mwaka 1983 baharia mmoja, kwa kusaidiwa kupata mzigo wake, alimzawadia mzee boksi la vipande vya kuunganisha manowari ya mwanzoni mwa karne hii, yenye dohani tatu na mizinga kila upande. Vipande vyote vilikuwa vizima isipokuwa tumbo la meli, ambalo lilipondeka njiani.

Wakati ule hata sabuni ilikuwa ya foleni, seuze plastiki. Mzee akaangaza huku na huku nyumbani kwake Usagara, jicho likatua kwenye beseni jeupe lenye maua ya waridi. Lilikuwa miongoni mwa vyombo alivyokuja navyo mkewe, Bi Mastura, siku ya harusi, na nani asiyejua kwamba vyombo vya bibi harusi mume havigusi hata kwa kunawia? Mzee Hilal alilikata kwa kisu cha moto, likawa tumbo la manowari.

Bi Mastura hakupiga kelele. Alitangaza tu kwamba manowari haitatia nanga nyumbani kwake, wala yeye hataitazama. Ikahamia stoo na maua yake, utadhani inakwenda harusini. Wakaguzi hawakujua waiweke fungu gani, wakaihesabu pamoja na vifaa vya zimamoto.

Ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilipokuja, maduka yakajaa. Sherali muuza vitabu akaanza kuleta maboksi kamili, rafu ikapata manowari nyingine nne. Mabeseni nayo yakawa tele. Mzee alimpelekea mkewe la bluu, la kijani, hata lenye mfuniko. Bi Mastura aliyapokea kwa shukrani, akaoshea samaki, na amri ikabaki palepale.

Basi kustaafu kukamtia mzee homa. Mrithi wake, Bi Asmahani, aliitaka rafu, na mzee hakuwa na pa kuzipeleka meli zake. Wiki ya mwisho alikaa chini ya rafu akizitazama. Tulimhurumia kweli.

Siku ya hafla ya kumuaga mzee, Bi Mastura alifika, akapokea shikamoo za ofisi nzima, akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Akaona kitu ambacho sisi tulidhani ni uvivu. Rangi ya kijivu ilipopatikana, mzee aliipaka ile manowari ya kwanza kotekote, ila ubavuni aliacha ua moja la beseni, na kila asubuhi alilifuta vumbi. Bi Mastura akaligusa kwa kidole. Kisha akauliza ni nani atakayembebea hiyo meli mpaka nyumbani, maana mumewe hana mikono ya kuaminika.

Zile nne bado zinasubiri kibali.

Mzee Hilal, ahsante kwa stoo safi na kwa vicheko. Tunakuombea afya, utulivu na gundi isiyokauka. Vyombo vya Bi Mastura viache kabatini.