Laki Nane za Rupia

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Ireri, zima hiyo redio. Wawira, mshike mama yako aketi hapa kitandani, kwa kuwa nitakayosema yanamhusu, naye hajawahi kuyasikia.

Shamba hili ni lako, Ireri. Lile la karibu na bwawa ni la Wawira, na asitokee mtu kumwambia binti harithi. Mbuzi ni wa mama yenu. Lakini kile kipande cha mpakani, tulichogombania na baba yenu mdogo Ngari mpaka tukaacha kusalimiana, msikiguse. Ni chake, na hata kisingekuwa chake ningempa.

Mnakumbuka moyo wa mama yenu ulipoharibika, tukaambiwa tiba iko India. Wakala wa hospitali ya huko alinipigia simu akasema, "Mzee, tayarisha laki nane." Nikasema laki naijua, nimeuza ndengu maisha yangu yote. Wawira, uliniambia niulize ni laki za pesa gani, nami nikakufokea mbele ya wageni. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona ni ujinga. Watu wakachanga mpaka laki nane zikatimia, na Ngari akaja mwisho, kofia mkononi, na bei ya fahali wake. Nikamwambia mbele ya umati, "Rudi nazo. Imetosha. Mkono wako hatuuhitaji." Akavaa kofia akaenda.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kule hospitalini karani alinipa bili, nikaona ameandika nane, akaweka mkato, sufuri mbili, mkato tena, kisha sufuri tatu. Nikacheka, nikamwambia hajui kuandika hesabu. Hakukasirika. Akanieleza kwamba ndivyo walivyohesabu tangu mababu zao, elfu, halafu laki, na laki mia moja wanaziita karori, na kwamba hata hili neno laki tulilipata kwao. "Laki ni hiyo hiyo, mzee," akasema, "lakini hizi ni za rupia." Na rupia moja ilimeza shilingi moja na nusu ya kwetu. Pesa za mchango zilipobadilishwa zikawa laki tano na kitu, na mama yenu amekwisha kuvalishwa nguo za upasuaji.

Nilipiga simu nyumbani. Waliopokea wakaniuliza, "Si ulisema imetosha?" Basi nikaketi kwenye ngazi nikampigia Ngari. Nilitaja jina lake tu. Akauliza, "Cicily yuko hai?" Nikasema yuko. "Basi ningoje hadi kesho." Akauza mafahali wote wa kulimia, akakodisha shamba lake, akatuma pesa.

Usiniangalie hivyo, Cicily. Uliponiuliza nani alimalizia, nilikudanganya kwamba ni kanisa.

Tuliporudi mlitupokea kwa vigelegele. Nilishukuru mpaka aliyetoa kuku. Ngari alikuwa ameketi nyuma kabisa, nami sikumtaja, nikaomba tuimbe. Kwa kukosa mafahali akaenda Timau kukata maua kwenye mashamba ya wenyewe, mzee wa joto la kwetu Kiambere kwenye baridi ile. Nilipanda gari kumfuata, nikashukia njiani, Meru mjini, nikarudi. Niliona haya. Hata sasa naona haya, wanangu, na haya hainiachi nife.

Ireri, nenda Timau kesho. Usimpigie simu, nenda kwa miguu yako. Uza ng'ombe wangu, umnunulie mafahali. Akikataa, wafunge langoni kwake uondoke. Wawira, siku ya kunizika, kabla mhubiri hajasimama, sema haya yote, usinipunguzie. Ngari asipokuja, mtu asimlaumu.

Sasa inameni, nifikie vifua vyenu, niwatemee mate ya baraka kama baba alivyotutemea... Mdomo umekauka. Maji, Cicily. Kidogo tu. Mvua iwakute mmepanda, wanangu. Mkikosana... atangulie mkubwa kuomba radhi. Mzae, mlee, mpendane...

Ngari akinikuta na pumzi, mpisheni aketi hapa. Akichelewa... Cicily, mwambie... mwambie wewe.