Mitungi Iliyovuja ya Dhapu Devi

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kheradi na ukoo wetu wa wafinyanzi, mimi Jhamku, mtoto wake wa pekee, nasimama kuwasomea maisha ya mama yangu Dhapu Devi, na wanaonong'ona kwamba kazi hii ni ya mtoto wa kiume waendelee kunong'ona, nitapaza sauti.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 huko Balotra, akasoma hadi darasa la tatu, akatolewa shule ili akande udongo, tarehe 9 Mei 1968 akaolewa na baba yangu Khetaram, mfinyanzi wa kijiji hiki, wakanipata mimi mwaka 1975.

Baba alipofariki mwaka 1986, baba mdogo Pokarram, huyo aliyeketi mbele, alilitaka shamba letu ajenge tanuri la matofali, akampa mama misimu miwili aoteshe kitu au aondoke, ilhali maji ya kisima yalitosha kunywa tu. Mama akachanganya udongo na pumba za uwele, akafinyanga mitungi na kuichoma, pumba zikaungua zikaacha vitundu vya kuvujisha maji polepole, akaifukia hadi shingoni kando ya miche ya mikunazi, akaijaza maji na kuifunika.

Baba mdogo akamcheka mbele ya kijiji: "Shemeji, mfinyanzi gani anafinyanga mitungi ya kuvuja? Ndiyo maana unaificha ardhini, unaona haya!"

"Cheka tu, shemeji," mama akamjibu, "ila kunazi zikiiva usije na kikapu."

Udongo mkavu ukayavuta maji kupitia kuta za mitungi, ukayapeleka pembeni kwenye mizizi, hata kuyapandisha juu kidogo, na kila ulipolowa uliacha kuvuta, jua lisipate maji ya kukausha. Msimu wa pili kunazi ziliiva, baba mdogo akaja na kikapu, na mama akamjazia.

Aliugua kifua tangu mwaka jana, akafariki jana alfajiri, tarehe 11 Novemba 2019. Tunawashukuru madaktari wa Barmer, majirani mlioleta mtindi na mikate ya uwele, na wanawake aliofinyanga nao.

Jana jioni, baba mdogo, uliuliza tena habari za shamba. Haliuzwi. Leo mimi, binti, nitabeba mtungi wa maji begani kuzunguka kuni za kuuchomea mwili wa mama, lakini sitautoboa wala kuuvunja kama desturi inavyotaka, nitaufukia kando ya mche alioupanda Julai.

Pumzika, mama, maji nitajaza mimi.