Safari Hii Hatujaficha Ndoo

Mgeni rasmi, pamoja na msafara wako wote, hasa yule ndugu aliyekuja na mwamvuli (huyo anajua alikoletwa):

KARIBU
Sisi wakazi wa Majengo Saba tumefurahi kukuona. Pole kwa ndoo mbili ulizoruka pale mlangoni. Tutazifikia.

TULIKOTOKA
Majengo haya ni rika la baba zetu, na mpango wa ukarabati umetufikia mara tatu. Mara ya kwanza tulipewa karatasi za maoni: "Mnapenda rangi gani?" Tukabishana wiki nzima, kijani au njano, mpaka mashemeji wakanuniana. Mabomba hakuna aliyeyaulizia. Ikapakwa njano upande wa barabarani, ule unaoonekana mtu akiwa ndani ya gari. Upande wa kamba za nguo bado unasubiri zamu yake.

Mara ya pili, watu wa Jengo la Kwanza walihamishwa "kwa miezi sita tu." Huu ni mwaka wa nne. Jengo lao limependeza kwa kweli, tena wanaokaa humo sasa wanatusalimia vizuri wakiwa kwenye magari yao. Ila fundi cherehani wetu, aliyehamishwa nao, yuko huko mwisho wa mji, na suruali zetu ndiyo hizi unazoziona.

Mara ya tatu ilikuwa paa, na hapo tuseme ukweli, kosa ni letu. Sisi tukisikia mgeni anakuja, tunafagia ngazi, tunaficha ndoo zote zinazokinga maji, na madoa ya ukutani tunayafunika kwa vitambaa. Mkaguzi akaja, akanywa chai, akasifia usafi, akaandika: "Hali ya paa ni nzuri." Paa likafutwa kwenye orodha. Tulimshangilia wenyewe akiondoka.

TULICHOFANIKIWA
Kipo kimoja. Mabomba ya maji machafu ya Jengo la Pili hayajaziba tangu yatengenezwe. Fundi bomba anaishi humo humo, chini kabisa. Aliulizwa yapite wapi, akapewa na funguo na vipuri akae navyo. Akikosea, maji yanaanza kujaa jikoni kwake, na mke wake si mtu wa kuandika barua ofisini.

CHANGAMOTO
Jumatatu Jengo la Tatu linatakiwa liwe tupu. Familia arobaini. Barua inasema tunahama "kwa muda," ila muda wenyewe haujaandikwa. Na tutagawanywa kwa kura, huyu huku, yule kule.

Sasa, mgeni rasmi, kwenye ngazi yetu kuna bibi wa ghorofa ya nne, ile iliyo chini ya paa. Kikapu chake kinapandishwa na mama muuza mboga. Kliniki anapelekwa na dereva wa ghorofa ya pili. Na watoto wa hao wawili wakitoka shule wanashinda kwa bibi mpaka wazazi warudi. Tumeitazama ramani yenu iliyokuja na barua ili tuone hayo yamechorwa wapi. Tumeigeuza mpaka nyuma. Hayapo. Kura ikimtupa bibi peke yake, kikapu kitapandishwa na nani?

Juzi mwenyekiti wetu alipanda kwake.

"Bibi, ficha ndoo, mgeni rasmi anakuja."

"Mwanangu, nimeficha mara ngapi? Safari hii ficha wewe mvua."

Mwenyekiti akashuka. Tangu hapo hakuna aliyeficha hata kopo.

MAOMBI
Hatuombi rangi. Rangi tunayo, upande mmoja. Tunaomba tarehe ya kurudi iandikwe kwenye barua na uisaini leo. Tuhame ngazi nzima pamoja, turudi pamoja. Na paa likitengenezwa, funguo zake akae nazo mtu anayelala chini yake.

Kalamu ipo, tumeijaribu, inaandika. Barua yenyewe haiko hapa chini, iko kwa bibi. Amekuwekea kiti katikati ya ndoo mbili, chai iko jikoni, na lile wingu unaliona mwenyewe. Ndugu wa mwamvuli naye apande.

Mungu akupe afya, akupe na magoti ya kufika ghorofa ya nne. Na jioni akurudishe nyumbani kwako salama, ukute mlango ni ule ule na jirani ni yule yule.

Ni sisi,
Wakazi wa Majengo Saba, pamoja na wale wa Jengo la Kwanza ambao hawajarudi.